Arobaini na Moja Huko Chini

Gari lilikuwa limeshavuka daraja la mwisho, na nyumba za mji zimeshapotea nyuma ndani ya ukungu, ndipo Kapteni Agafya Neustroeva akakumbuka kwamba hajanywa chai. Mzee Uybaan, dereva wa polisi, akamsogezea chupa bila kutoa macho barabarani.

"Kunywa, Kapteni. Marehemu hana haraka."

"Mkuu ndiye mwenye haraka. Anataka jalada lifungwe Ijumaa."

"Basi angekuja yeye."

"Ana mafua."

"Kwa hamsini na tano hii, nani hana mafua?" akasema Uybaan, akacheka peke yake.

Huko, kuanzia Novemba mpaka Machi, hakuna anayejisumbua kusema ni chini ya sifuri. Ukisema hamsini na tano kila mtu anajua iko upande gani.

Jalada lilikuwa jembamba. Rodion Byalik, dereva wa lori la makaa, miaka hamsini na miwili. Jumatatu ya wiki iliyopita aliondoka juu Hara-Taas, pale barabara inapovuka mlima, akateremka bonde la Tarynnakh. Jumanne msafara wa makaa ukamkuta ameketi kando ya barabara, ameganda, kilomita mbili na nusu mbele ya lori lake. Hana jeraha. Dizeli ndani ya tangi ilikuwa imeganda kama samli. Mkuu alikuwa ameshaandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: ajali, mafuta mabaya.

Neustroeva hakubishana naye. Alichukua chupa ya ile dizeli, akaifunga ndani ya sanduku la mbao, akaomba gari.

"Lori lina matairi sita na la akiba," alisema sasa. "Yote saba mazima. Hakuchoma hata moja apate joto."

Uybaan alikata kona mbili kwanza. "Hiyo si kawaida."

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningechoma la akiba kwanza. Halafu ya nyuma moja moja. Halafu kiti. Halafu kofia ya Mkuu, kama anayo karibu. Kuacha lori na kutembea, hapana. Hata mlevi hafanyi hivyo."

"Na siku hiyo Byalik hakuwa amelewa."

"Byalik alikuwa mnafiki tu. Hiyo haikuzuii kuchoma tairi."

Kitu cha pili kilikuwa karatasi ya safari, iliyokutwa ndani ya koti la marehemu. Pembeni, kwa penseli, maana wino huganda, Byalik alikuwa ameandika: saa nne na dakika ishirini, 41. Neustroeva alikuwa ameisoma mara ishirini. Ilikuwa baridi ya mahali fulani, hilo alilijua. Mahali gani, hakujua.

Juu Hara-Taas Uybaan alisimamisha gari, akafungua kioo kidogo, akatupa nusu ya chapati nje kwenye theluji kwa ajili ya roho mwenye mlima. Nusu nyingine akala mwenyewe. Kisha wakaingia mgahawani.

Rimma, mwenye mgahawa, alikuwa mama wa miaka sitini mwenye meno mawili ya dhahabu na mikono mizito kama ya mwokaji. Ukutani nyuma yake redio ya upepo ilikuwa ikikoroma. Haizimwi kamwe.

"Vueni, vueni! Hapa kwetu kiangazi. Thelathini na saba."

"Jumatatu ile ilikuwa ngapi hapa juu?" aliuliza Kapteni.

"Thelathini na sita. Nakumbuka kwa sababu nilianika nguo."

"Iliwahi kufika arobaini na moja?"

"Hapa juu? Mwezi huu haijafika. Baridi haikai juu, wewe mwenyewe mtoto wa huku unajua. Inateremka bondeni inalala kule, kama maji kwenye bakuli. Sisi juu tunaota jua, wao chini wanakufa." Akasita, akajifuta mikono. "Samahani. Nimesema vibaya."

Neustroeva akamwekea karatasi ya safari mezani. "Hii arobaini na moja Byalik aliitoa wapi?"

Rimma hakuhitaji kufikiri. Aliinua kidevu kuelekea redio. "Pale. Alimwuliza mzee Sivtsev wa kituo cha hali ya hewa, kule chini. Kila dereva anamwuliza kabla ya kuteremka. Nilikuwa naosha vyungu. Mzee akasema arobaini na moja. Rodion akaniambia, Rimma, umesikia, chini kumelegea. Akanunua mkate, akaondoka. Mafuta ya taa hakuongeza hata tone."

"Ulimsikia mzee kwa masikio yako?"

"Kwa haya haya. Mimi mnene, Kapteni, si kiziwi."

Nje, chini ya lori la kijani, miguu miwili ilikuwa imetokeza. Ilikuwa ya Gleb Homutov. Yeye na Byalik walikuwa wameendesha lori moja kwa kupokezana miaka minane, mpaka miaka miwili iliyopita kila mtu alipopata la kwake. Alitoka chini akiwa na bomba la kupasha joto mkononi na jalidi kwenye nyusi.

"Mlijaza mafuta wapi, wewe na Byalik?"

"Pipa moja. Dizeli ya kati. Mpaka arobaini na tano haina neno. Ikizidi hapo unachanganya na mafuta ya taa, au unakaa kwa Rimma unanenepa."

"Wewe umechanganya?"

"Bado. Nateremka leo saa nane mchana nikimaliza bomba hili. Nitamwuliza mzee kwanza."

"Mwezi uliopita mligombana kwenye redio. Waliokuwa karibu waliwasikia."

Homutov akaanza kufuta bomba ambalo lilikuwa safi tayari. "Jeki. Alichukua jeki yangu."

"Miaka minane kwenye kibanda kimoja, mnakuja kugombania jeki?"

"Ilikuwa jeki nzuri."

Kapteni akaandika kwenye kijitabu chake neno moja: mwongo. Kisha akajaza chupa ya pili ya dizeli kutoka tangi la Homutov, mwenyewe akitazama.

"Ndiye," alinong'ona Uybaan waliporudi garini. "Ameingia usiku akambadilishia mwenzake mafuta. Naona hata pua yake inakiri."

"Pua haitoi maelezo. Nipe kamba."

Akazifunga chupa zote mbili, ya Byalik na ya Homutov, nje kwenye chuma cha kioo cha pembeni, mahali anapoziona. Wakaanza kuteremka. Kipimajoto cha Uybaan kilikuwa kimebandikwa dirishani, na yeye akawa anasoma kwa sauti kama mtu anayeita namba kwenye bahati nasibu. Arobaini. Arobaini na tatu. Jua likabaki nyuma juu ya mlima. Kwenye arobaini na sita chupa ya Byalik ikaingia ukungu. Ya Homutov ikaingia ukungu papo hapo. Kwenye hamsini na moja zote mbili zilikuwa nyeupe na nzito, na gari liliporuka shimoni hakuna iliyotikisika.

"Pipa moja," alisema Neustroeva. "Hakuna aliyebadilisha kitu. Mafuta hayakuwa mabaya, Uybaan. Yalikuwa mafuta ya arobaini na tano, kwenye hamsini na zaidi."

"Kwa hiyo si Homutov."

"Mafuta si Homutov."

Lori la Byalik lilikuwa bado pale lilipofia. Kapteni akashuka na kutembea mbele yake, na Uybaan akamfuata polepole na gari. Tarynnakh haina upepo wakati wa baridi, na theluji ya Oktoba ikishatua haiongezwi. Alama ya mguu ya Novemba utaikuta Februari. Za Byalik zilikuwa kando ya barabara, safi kama zimechongwa. Hatua ndefu, zilizonyooka, za mtu anayejua aendako. Hakuyumba, hakuanguka. Alikuwa anaelekea kituo cha hali ya hewa, kilomita sita kutoka lori.

Kisha kwenye kilomita mbili na nusu hatua zikaisha. Theluji ilikuwa imekanyagwa duara, kama mtu amekuwa akirukaruka kupasha miguu. Ndani ya duara Neustroeva akaokota vipande vitatu vya sigara, kimoja kimoja, kwa kibano, akavitia kwenye bahasha.

"Mtu anayekimbiza roho yake," alisema aliporudi garini, midomo ikiwa migumu, "anasimama kuvuta sigara tatu?"

"Hata kwa moja hasimami."

"Nani anasimama kuvuta sigara tatu?"

Uybaan akawaza. "Anayesubiri mtu."

"Ndiyo. Ameahidiwa kupokewa. Ndiyo maana hakuchoma tairi. Sasa niambie, kutoka hapa bondeni redio ya lori inafika wapi?"

Uybaan akatazama milima huku na huku. Akatazama mbele, mahali ambapo moshi mmoja ulikuwa umesimama wima kama nguzo. Akatia gia.

Walifika kituoni saa saba kamili. Spiridon Sivtsev, mtazamaji wa hali ya hewa, alikuwa uani mbele ya kisanduku cheupe cha vipimajoto. Aliwaonyesha kiganja, wasubiri. Alivuta pumzi, akaibana, akafungua kijimlango, akasoma, akafunga, ndipo akapumua. Mtu wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, kofia ya sungura imeshuka mpaka machoni.

"Hamsini na nane nukta moja," alisema, akaandika kwanza. "Sasa karibuni. Binti Agafya, umekonda."

"Nawe pia, mzee wangu."

Ndani kulikuwa na jiko la kuni, chai ya maziwa na samaki mbichi aliyegandishwa akachongwa vipande vyembamba kama karatasi. Juu ya redio kulikuwa na picha ya msichana mwalimu, kitambaa shingoni. Neustroeva hakuhitaji kuuliza. Miaka sita kabla, tarehe kumi na tisa Januari, ndiye aliyempakia Kunnei Sivtseva, binti wa mzee, kwenye gari la polisi, ameganda, amejikunja hivyo hivyo alivyokutwa, kwa kuwa hakuweza kunyooshwa. Gari lake lilikuwa limezimika kilomita saba kutoka kwa baba yake. Alama za matairi makubwa zilionyesha kuna lori lililopita pale akiwa hai. Kwenye barabara hiyo hakuna kosa kubwa kuliko kumpita aliyekwama. Lori hilo halikupatikana.

"Naomba daftari la Desemba," alisema Kapteni.

Mzee akampa kwa mikono miwili.

"Jumatatu, saa nne asubuhi. Hamsini na sita nukta tisa."

"Ndiyo."

"Dakika ishirini baadaye Byalik akakuuliza kwa redio. Ukamwambia arobaini na moja."

"Labda aliandika vibaya. Madereva hawa, kusoma kwao..."

"Rimma amesikia."

Mzee akamimina chai kwenye kikombe mpaka ikafika ukingoni, haikumwagika. "Rimma mnene," alisema.

"Kuna jambo moja silielewi, mzee. Ungeandika arobaini na moja humu daftarini, leo nisingekuwa na kesi. Ningesema kipimajoto kibovu, mzee ameishiwa macho. Ningekunywa chai nikaondoka."

Spiridon akalitazama daftari, kisha akamtazama yeye, kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Niandike uongo humu?"

"Redioni ulisema uongo."

"Redioni ni maneno! Hili ni daftari. Miaka thelathini na moja sijaongeza nukta, sijapunguza nukta. Siku mwanangu yuko nje anaganda niliandika. Saa nne, saa saba, saa kumi. Hamsini na tisa nukta mbili. Nije niliharibu kwa ajili ya Rodion Byalik? Nani yeye? Hastahili nukta."

Uybaan, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavua kofia. Neustroeva akafungua karatasi ya maelezo, akachonga penseli.

"Alipokwama alikuita?"

"Mara tisa. Milima imembana pale, hakuna mwingine anayemsikia."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, Rodion mwanangu, usiharibu matairi ya watu, tembea, nakuja na pikipiki ya theluji, tutakutana njiani."

"Hukwenda."

"Niliiwasha. Hapa sauti inafika kilomita kumi, hakuna cha kuizuia. Nikaiacha inanguruma hapo uani, nikaingia ndani kunywa chai. Nilitaka asikie gari linalokuja ambalo haliji." Alisema haya bila kupandisha sauti. "Mwanangu alilisikia moja. Mimi pia nililisikia, Agafya, hilo hukuliandika kwenye jalada lako kwa sababu sikukwambia, niliona aibu. Nilikuwa hapo nje kwenye kisanduku. Lori linateremka. Likapunguza mwendo. Nikasikia gia ya nne, ya tatu, ya pili. Halafu ya tatu tena, ya nne, likaenda zake. Nikasema, dereva ameona sungura. Miaka sita nimekaa na huyo sungura."

Penseli ilikuwa imesimama. Neustroeva akailazimisha kuandika.

"Ulijuaje ni wao, Byalik na Homutov?"

"Mwezi uliopita wanagombana redioni, wamelewa wote wawili. Homutov anamwambia mwenzake: mguu wangu ulikuwa kwenye breki, wewe ndiye uliyesema twende, tumechelewa, atakuja mwingine. Atakuja mwingine!"

"Ungenipigia simu."

"Ungewafanya nini? Kuna kifungu cha kumfunga mtu kwa kutosimama?"

Jibu wote watatu walilijua.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika nne redio ilipokohoa.

"Kituo, kituo. Homutov hapa, niko kwa Rimma, injini inanguruma. Huko chini vipi, mzee?"

Hakuna aliyesogea. Mzee alikuwa anatazama chombo cha kusemea, mikono yake miwili iko mezani, imetulia.

"Kapteni," alisema Uybaan taratibu. "Nadhani sikufunga mlango wa gari. Acha nikaangalie. Huko nje mtu hasikii kitu."

"Kaa hapo hapo."

"Sema wewe, binti," alisema Spiridon. "Sema arobaini na mbili. Nitatia sahihi kila karatasi uliyonayo, na huyu nitasema ni wangu pia, nimemdanganya kabla hujafika. Wewe ulimbeba Kunnei. Mikono hii hii."

"Kituo? Mzee, umelala?" redio iliuliza.

Neustroeva akachukua chombo, akabana kitufe. Kitaa chekundu kikawaka. Akakaa hivyo, amebana, hasemi, mpaka Uybaan akaanza kuhesabu kichwani na kufika kumi na moja.

"Kapteni Neustroeva hapa. Hamsini na nane. Narudia, hamsini na nane. Usiteremke."

"Hamsini na nane! Mama yangu. Asante, Kapteni. Nakaa."

Akaachia kitufe. Mzee alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na hasira kwake, na hilo ndilo lilimsumbua Kapteni kuliko yote.

"Basi nipe dakika moja," alisema Spiridon. "Dakika moja kwenye redio. Halafu natia sahihi, nafunga jiko, twende."

"Mtuhumiwa haruhusiwi kuwasiliana na shahidi."

"Najua hairuhusiwi. Ndiyo maana naomba."

Neustroeva akatazama saa. Akavua saa yake ya mkono, akaiweka mezani mbele yake, akamsukumia mzee chombo cha kusemea. Mlingoti wa kituo, tofauti na redio za malori, ulifika barabara nzima, kutoka mlimani mpaka mtoni.

"Madereva wote mnaonisikia," alisema mzee, kwa sauti ile ile aliyosomea hali ya hewa miaka yote. "Spiridon Sivtsev hapa. Tarehe kumi na tisa Januari, miaka sita iliyopita, gari la mwanangu Kunnei lilizimika Tarynnakh. Lori likapunguza mwendo, likamwona, likapita. Aliyesema twende ni Rodion Byalik. Huyo nimemuua mimi, na polisi yupo hapa. Aliyekuwa kwenye usukani ni Gleb Homutov. Yuko kwa Rimma, anakunywa supu. Huyo simgusi. Nawaachia nyie. Mwisho."

Akaachia kitufe na kurudisha chombo mahali pake. Ilikuwa sekunde arobaini.

Redio ikanyamaza. Haikuwahi kunyamaza hivyo, mchana, msimu wa makaa, malori thelathini barabarani. Kisha ikabofya, lakini aliyebana kitufe hakusema. Wakasikia pumzi ya mtu. Wakasikia, kwa mbali ndani ya chumba kile cha juu, sauti ya mama mnene.

"Gleb. Lete bakuli."

Kitufe kikaachiwa.

Spiridon Sivtsev akatia sahihi kurasa nne bila kuzisoma. Akaomba asubiri mpaka saa kumi asome vipimajoto kwa mara ya mwisho. Kapteni akamruhusu hilo pia. Hamsini na nane nukta sita. Kisha akamfunga pingu, juu ya glavu, ili chuma kisimng'oe ngozi.

Mahakama ilimpa miaka minane. Alipelekwa kambi ya kusini, mahali ambapo baridi haizidi ishirini, na barua zake mbili alizomwandikia Uybaan zililalamikia hali hiyo. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka wa tatu.

Homutov alikaa juu Hara-Taas siku tano ndani ya lori lake. Rimma alimkatalia meza, na hakuna dereva aliyemuuzia mafuta ya taa wala kumchukua. Siku ya sita gari la polisi lilimpelekea pipa la mafuta ya taa, akateremka. Alitoa ushahidi, hakushtakiwa kwa lolote, akauza lori, akahamia pwani ya Bahari Nyeusi kwa dada yake. Inasemekana anaendesha teksi.

Kapteni Neustroeva alipata onyo kali kwa ajili ya zile sekunde arobaini. Alihamishiwa idara ya vitambulisho Yakutsk, akakaa mwaka mmoja, akaacha kazi. Uybaan alistaafu, anafuga farasi. Mkuu alipona mafua akapandishwa cheo.

Kituo cha Tarynnakh sasa ni mashine. Inapima yenyewe na kutuma yenyewe, na haina redio ya kuongea na mtu. Madereva wakifika kwa Rimma hukisia.

Maiti ya Byalik ilichukuliwa Januari na mwanawe, kijana wa miaka ishirini na saba aliyesafiri siku nne kutoka Irkutsk. Alijaza karatasi zote vizuri, akashukuru. Alipokuwa anatoka aliuliza kama mzee Sivtsev alikuwa na mtoto mwingine aliye hai, na anakaa wapi. Aliambiwa hana. Akaondoka kwa ndege ya jioni.